Langtang kwa siku 12: misitu, vijiji na mahekalu, ratiba hii inawezekana?

Mzururaji:
Habari wakuu. Tupo watatu, tunaenda Nepal mwishoni mwa Oktoba. Tuna siku 12 tangu kutua Kathmandu hadi kuondoka. Njia ya Everest tumeiacha kwa sababu ya msongamano na ndege za Lukla kuahirishwa ovyo. Tunataka bonde la Langtang: misitu kule chini, vijiji, mahekalu ya Kibudha, kisha theluji juu.

Nimechora hivi: siku ya kwanza ya kutembea, Syabrubesi hadi Lama Hotel (ni jina la kituo cha njiani, si hoteli moja). Ya pili, Lama Hotel hadi Kyanjin Gompa moja kwa moja. Ya tatu, kupanda kilele cha Tserko Ri. Halafu tushuke, tukatize ziwa la Gosaikunda na kutokea Helambu. Wote ni watembeaji, kilomita 20 kwa siku hazitusumbui. Inawezekana? Na vibali vikoje siku hizi? Pia kwenye mahekalu, tujue adabu gani?

Nyayo_za_Juu:
Mkuu, kilomita zako ziko sawa, shida ni mahali mtakapolala. Lama Hotel iko kwenye mita 2,400 na ushee, Kyanjin iko 3,860 hivi. Maana yake leo mnalala karibu mita 1,400 juu ya jana. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mlale mara mbili mahali pamoja. Wenye pumzi nzuri ndio wananaswa mara nyingi, maana miguu inawafikisha juu kabla mwili haujazoea hewa nyepesi.

Ningepanga hivi. Siku ya 1 Kathmandu, kwa ajili ya vibali na kukodi vifaa mtaa wa Thamel. Siku ya 2 barabarani hadi Syabrubesi (mita 1,500 hivi). Weka siku nzima, kwa sababu baada ya Trishuli barabara ni kona na maporomoko tupu. Siku ya 3 lala Lama Hotel, au Rimche iliyo kama nusu saa kabla yake. Siku ya 4 ishieni Thangshyap, kama mita 3,140. Mtafika mapema na mtajiona mnapoteza muda. Kaeni hapo hapo. Siku ya 5 Langtang kijijini (3,430) au Mundu, mbele kidogo. Siku ya 6 Kyanjin, mwendo wa saa tatu tu. Siku ya 7 pandeni Kyanjin Ri kilele cha chini, mrudi kulala pale pale. Siku ya 8 Tserko Ri, au iwe akiba kama kuna mawingu au kichwa kinagonga. Siku ya 9 kushuka hadi Rimche, ya 10 Syabrubesi, ya 11 Kathmandu, na ya 12 msiiguse. Barabara ikifungwa na udongo, hiyo ndiyo itakayookoa tiketi zenu za ndege.

Siku ya 10 msirudie njia ya mtoni. Pale Rimche kuna njia ya juu inayopita Sherpagaon na Khangjim. Iko upande wa jua, imejaa nyasi na misonobari, na bonde lote mnaliona chini. Ila ni nyembamba na ina korongo pembeni, kwa hiyo mwenye kizunguzungu cha urefu apite chini.

Mzururaji:
Nimekuelewa. Kwa hiyo Gosaikunda ndiyo basi?

Nyayo_za_Juu:
Kwa siku 12, ndiyo. Kutoka bondeni mnapanda Thulo Syabru, Sing Gompa (3,330), ziwani Gosaikunda (4,380), mnavuka kipito cha Laurebina kwenye mita 4,610, halafu mteremko mrefu hadi Sundarijal, karibu na Kathmandu. Hiyo ni wiki nyingine nzima, au siku sita kwa kukimbizana. Mkiibana mtatoa siku za kuzoea mwinuko, na hizo ndizo zisizotolewa.

Karani_wa_Vibali:
Upande wa makaratasi. Kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Langtang ni rupia 3,000 kwa mgeni asiyetoka nchi za Asia ya Kusini, na kodi juu yake. Kadi ya TIMS, ile ya kusajili watembeaji milimani, ni rupia 2,000. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 Nepal inamtaka mgeni kwenye njia hizi awe na mwongoza watalii mwenye leseni, na TIMS inapatikana kupitia kampuni iliyosajiliwa, kwa hiyo vyote viwili mnavimaliza mahali pamoja. Viza mnaichukua uwanja wa ndege: siku 15 ni dola 30, siku 30 ni dola 50. Beba noti safi, mashine za kadi pale ni za kubahatisha. Vibali viwekeni mfuko wa juu wa begi, kuna vituo vya ukaguzi kuanzia Dhunche. Droni bila kibali chake iacheni.

Mpagazi mmoja anatosha watu wawili, kwa mzigo usiozidi kilo 20 hadi 25 yote kwa pamoja. Kabla ya kulipa iulizeni kampuni mambo mawili: bima yake iko wapi, na atalala wapi usiku. Wakijibu kwa kigugumizi, tafuteni kampuni nyingine.

Fedha taslimu zote zitoke Kathmandu, na nyingi ziwe noti ndogo. Chumba huko juu ni rahisi kwa sharti kwamba chakula cha jioni na kifungua kinywa mle hapo hapo. Mkilala kwa huyu mkala kwa jirani, mtatozwa chumba bei nyingine, na ni haki yao. Agizeni chakula cha jioni mapema, watatu mle kitu kimoja. Jiko ni moja na kuni au gesi imebebwa mgongoni. Dal bhat, yaani wali na dengu, huongezwa hadi ushibe. Nyama iacheni, imepanda kwa miguu siku kadhaa bila friji.

Daktari_Mkwezi:
Naongezea ya afya, maana Nyayo kagusia juu juu.

Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, uchovu usioeleweka au kukosa hamu ya kula: hesabu ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Usipande. Ukipata nafuu, endelea kesho. Ukizidiwa, shuka hata kama ni usiku. Dalili mbili hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni kuyumba: mwambie mtu atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ubongo unavimba. Ya pili ni kuhema ukiwa umekaa tu, maji yanaingia kwenye mapafu. Hapo ni kushuka mara moja, mita 500 hadi 1,000, na asiachwe ashuke peke yake.

Asetazolamidi (Diamox) ya kinga ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana na vidole vitakufa ganzi, hilo ni la kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Dawa haifuti kanuni ya kitanda. Dawa za usingizi na pombe wekeni kando hadi mshuke.

Bima isome mistari midogo: lazima iandike kutembea hadi mita 5,000 au zaidi na uokoaji wa helikopta. Namba yao ya dharura muwe nayo kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Nepal imewahi kuchunguza biashara ya uokoaji wa uongo, ilikuwa 2018, kwa hiyo mtu akikuharakisha kupanda helikopta kwa maumivu madogo ya kichwa, piga simu bima kwanza.

Maji: vidonge vya klorini, na kwenye maji baridi viachie muda mrefu zaidi ya ulioandikwa. Ukichemsha, juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu, kwa kuwa huko yanachemka kwenye joto dogo.

Mwana_wa_Bonde:
Mahekalu sasa. Kwanza rekebisha picha kichwani: huku hutakuta mamia ya watawa wa kanzu nyekundu. Lama wa kijiji mara nyingi ni mkulima mwenye mke na watoto, na hekalu hufunguliwa siku za ibada, kwa mfano mwezi mpevu au siku ya 10 ya mwezi wa Kitibeti. Siku nyingine ni kufuli. Kwa hiyo mkifika Kyanjin, mwulizeni mwenye nyumba ya wageni ufunguo uko kwa nani, jioni kabla watu hawajaanza kupika.

Ndani: viatu na kofia nje, zungukeni kwa mwelekeo wa saa, mkikaa nyayo zisielekee madhabahu, picha kwa ruhusa. Noti ndogo kwenye sanduku au mbele ya taa ya siagi inatosha.

Njiani kuanzia Langtang kuna kuta ndefu za mani, mawe yaliyochongwa sala na kupangwa moja juu ya jingine. Ukuta au chorten (mnara mdogo wa Kibudha) huwa unaachwa mkono wako wa kulia, hata kama njia ya upande wa pili ni fupi. Msikae juu yake kupumzika, na msichukue jiwe. Vijito vingine vinazungusha magurudumu ya sala kwa nguvu ya maji, msiingize fimbo.

Kabla ya kijiji kipya mtavuka uwanja mpana wa mawe na kifusi. Hapo ndipo Langtang ya zamani ilipofunikwa na barafu na miamba baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Watu wengi wako chini yake bado, na wenye nyumba mtakazolala ni ndugu zao. Piteni bila kelele, picha za kujionyesha hapana.

Jambo la mwisho: msafara wa nyumbu ukija, simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo, na kwenye daraja la kamba wapisheni wamalize. Mzigo wa nyumbu haujui kukwepa mtu.

Mzururaji:
Asanteni wote. Tserko Ri tuondoke saa ngapi?

Nyayo_za_Juu:
Saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na lita mbili za maji na chakula mfukoni, juu hakuna duka. Kupanda saa nne hadi tano, kushuka tatu. Baada ya saa sita mchana upepo unaanza na mawingu yanafunga, kwa hiyo saa tano na nusu ikifika hamjafika kileleni, geukeni.