Wakuu, keria ya RAV4 ya 1998 inabeba kilo ngapi? Nasafiri Alhamisi

Mwana Igoma
Habari za jioni wakuu. Nina RAV4 ya 1998, ya milango mitano, nipo Igoma hapa Mwanza. Alhamisi asubuhi natakiwa niwe Geita na mzigo kidogo. Ndani tutakuwa watu watano, kwa hiyo mzigo utakaa juu. Naomba kujua keria ya gari la umri huu inabeba kilo ngapi bila kuleta shida. Kijiweni mmoja kaniambia 50, mwingine 100, wa tatu kasema gari la Mjapani halishindwi na mzigo. Usingizi umenipaa kwa sababu ya jambo hili. Natanguliza shukrani.

Baba Wawili Nyegezi
Mkuu, uza hiyo RAV4 uchukue Probox. Mimi ninayo mwaka wa tano, nimehamia nyumba mbili kwa gari hilohilo, kitanda, friji, kila kitu. Viti vya nyuma unalaza, mzigo unakaa ndani, juu hupandishi kitu. Wife aliikataa mwanzoni kwamba ni gari la kubebea mayai. Leo ukimwambia tuiuze, mnagombana.

Fundi Mabatini
Mleta mada, swali lako ni zuri, tusilikimbie. Jibu la kwanza liko kwenye kitabu cha gari. Magari madogo na haya ya juu kidogo mengi yameandikiwa kati ya kilo 50 na 100 juu ya paa, na 75 ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Watu wanasahau kwamba uzito wa keria yenyewe umo humo. Keria ikiwa na kilo 20, na gari limeandikiwa 75, umebaki na 55.

Halafu hiyo ni namba ya gari likiwa jipya. Lako lina zaidi ya miaka 25. Bati la paa halifiki hata milimita moja. Halibebi kitu lile, kinachobeba ni zile sehemu chache ambazo boliti za reli zimeshika kwenye mbavu na nguzo za gari. Hapo ndipo maji yanapojificha, na kutu huanzia hapo.

Sasa nijibu mawili. Mzigo ni nini, na keria ni ya kiwandani au ya kutengeneza?

Mama Dagaa Kirumba
Na mimi nasubiri jibu. Hapa Mwaloni, sokoni kwa dagaa, mtu akisema "mzigo kidogo" huwa anaogopa kuutaja.

Mwana Igoma
Ni dagaa wakavu, magunia matano. Nimepima moja, lina kilo 55. Lakini naomba tusitishane. Wiki iliyopita nimetoka Sengerema na magunia mawili ya mahindi juu, nikavuka na pantoni, nikafika mpaka Igoma bila hata kamba kulegea. Nitaendesha taratibu, 60 hadi 70. Keria yangu ni imara, mimi mwenyewe huwa nasimama juu yake naosha paa.

Fundi Mabatini
Matano mara 55 ni kilo 275. Bado hujajibu kuhusu keria.

Kusimama juu yake gari likiwa limeegeshwa si kipimo. Gari lililosimama hubeba zaidi, ndiyo maana kuna watu hulala kwenye hema juu ya paa. Likitembea mambo yanabadilika. Ukiruka tuta vibaya, mzigo unapanda kisha unashuka, na unaposhuka unazigonga zile boliti kwa uzito mkubwa kuliko ule uliousoma kwenye mzani. Ukikanyaga breki za ghafla kwenye lami kavu, kilo 275 zinasukuma keria kwenda mbele kwa nguvu inayokaribia kilo 200. Hapo kinachojaribiwa ni vishikio, unene wa chuma hauna kazi.

Mzee wa Magu
Vijana mmesahau. Miaka ya themanini tulipanda Peugeot 504 kutoka Bunda, juu kuna ndizi, baiskeli mbili na mbuzi, ndani watu tisa. Gari linafika.

Fundi Mabatini
Mzee wangu shikamoo. Ni kweli lilifika. Lakini 504 na Land Rover 109 zilikuwa na ule mfereji wa kupitisha maji ya mvua pembeni mwa paa, keria ikaung'ata kwa miguu mingi, uzito ukagawanyika urefu wote. RAV4 haina mfereji huo.

Mzee wa Magu
Marahaba. Hilo la mfereji sikulifikiria.

Mkerewe Halisi
Nimesoma kimya, ila hili linanigusa. Sisi watu wa ziwa ndio tusiotakiwa kuambiwa habari ya uzito wa juu. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka Ukara, kijiji kinaitazama, wakafa zaidi ya watu 200. Mimi nimezika siku zile. Chombo kikibebeshwa kupita kiasi, na uzito ukiwa juu, kikiinama kidogo hakirudi. Gari kwenye kona ni hivyohivyo. Na hao watu watano wa ndani ni akina nani, ndugu yangu?

Mwana Igoma
Mimi, mke wangu, mama yangu na watoto wawili. Tunakwenda msibani hukohuko Geita, ndiyo maana nikasema niunganishe safari.

Kijana wa Buhongwa
Wakuu, hii chai. Mtu anatoka Sengerema wiki iliyopita "akavuka na pantoni"? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za lami juu ya maji, pantoni ya pale imebaki historia. Halafu mzigo ulikuwa "kidogo", sasa kilo 275. Kwanza alikuwa anapeleka mzigo, sasa kuna msiba. Anatunga huku anaandika. Mods fungeni uzi.

Baba Wawili Nyegezi
Aisee, hata mimi nilianza kuhisi. Chai ya tangawizi hii.

Mama Dagaa Kirumba
Msimvue mtu nguo haraka hivyo. Sengerema mtu anaweza kupita Kamanga pia.

Mwana Igoma
Asante mama. Nilipita Kamanga, pantoni inakushusha mjini kabisa. Busisi sijaitaja popote. Na msiba si wa kutunga, ni baba mdogo.

Mmeniudhi, lakini acha niseme yote. Keria si ya kiwandani. Reli zake ziling'oka mwaka jana, bati lilikuwa limeoza kwenye boliti. Fundi wa mtaani akanichomelea fremu ya engo (vyuma vya pembe) moja kwa moja kwenye paa, kona nne. Sikutaja kwa sababu nilijua mtasemaje. Mteja wa Geita kanitumia nusu ya hela, nimelipia ada. Siwezi kumwambia mzigo hauji, na fuso nzima siwezi kukodi. Nilishaamua nipakie matatu juu, mawili nibanane nayo ndani.

Kijana wa Buhongwa
Kuhusu Kamanga nimekosea, nisamehe. Pole na msiba.

Fundi Mabatini
Pole sana ndugu. Sasa nakwambia bila kuzunguka. Kuchomelea engo nene kwenye bati jembamba lenye kutu ni kulichoma bati pembeni ya weldi. Weldi inabaki nzima, bati linapasuka kuizunguka kama karatasi. Na engo hizo peke yake zinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kilo ulizoruhusiwa. Kwa hiyo idadi ya magunia ya kupandisha juu ni sifuri. Hata hayo mawili ya ndani yanaongezeka kwenye uzito wa watu watano, na gunia lisilofungwa nyuma ya kichwa cha mtoto, breki moja tu.

Usiniamini kwa maneno. Ingia ndani, shusha kitambaa cha dari upande wa nyuma, mulika kona zote kwa tochi ya simu, kisha rudi hapa.

Mama Dagaa Kirumba
Na mvua zikikukuta Usagara? Dagaa wakilowa hata uzito si ule uliopima, na sokoni hawachukuliki. Tafuta kirikuu, ile pickup ndogo ya Suzuki Carry. Ile imetengenezwa kubeba kilo 350, magunia yako matano yanaingia na nafasi ya uzito inabaki. Au njoo getini Mwaloni alfajiri, fuso za Geita zinapokea gunia mojamoja, unalipa kwa gunia. Mzigo utangulie, familia ifuate.

Mwana Igoma
Nimetoka kwenye gari sasa hivi. Kona ya nyuma kulia bati limechanika urefu wa kidole, nimeona taa ya jirani kupitia pale. Ya kushoto ina maji. Juzi mwanangu alikuwa amekaa chini ya kona hiyo.

Mama, hizo fuso zinaanza kupakia saa ngapi?

Mama Dagaa Kirumba
Saa kumi alfajiri uwe umefika. Andika jina lako kwenye kila gunia kwa makapeni, na jina la mpokeaji wa Geita.