Ardhi ya Goma: ditekta ya namba au ya mapigo?

MwanaBirere: Habari zenu ndugu. Kiwanja chetu hapa Goma kiko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, upande wa uwanja wa ndege. Natafuta bomba la zamani la maji. Nimeazima Fisher Gold Bug, ditekta ya kutafutia vyuma inayoonyesha namba kwenye kioo. Namba ya ardhi haitoki 88, mstari wa Fe3O4 (alama ya magnetiti) umejaa, na namba ya kitu kilicho chini inarukaruka: 22, 61, 35. Imeharibika? Rafiki ananiambia ninunue ditekta ya mapigo, ile inayotuma umeme kwa mapigo mafupi.

FundiHimbi: Mashini ni nzima, yaya. Ile 88 haisemi udongo una chuma kiasi gani, inasema ni cha aina gani. Kwa Fisher, 75 mpaka 95 ni magnetiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku, na mengine ya namna hiyo, na mawe ya Nyiragongo ndiyo hayo. Wingi uusome kwenye ule mstari wa Fe3O4. Ukijaa, punguza nguvu ya kusikia. Utaona ajabu, lakini makelele yanapungua na kitu kinasikika vizuri zaidi. Kisha pitisha koili, lile duara la chini la mashini, kwa kukata msalaba: namba isiyojirudia pande zote mbili usiiamini, mara nyingi ni jiwe tu.

Lushois_Kenya: Huku Lubumbashi udongo mwekundu unanipa 55 hivi, namba zinatulia. Ya mapigo niliitumia wiki nzima. Ardhi mbaya haiisumbui sana na inashuka chini zaidi, sikatai, ila haikwambii umepata nini. Nilichimba misumari mpaka mke akacheka. Na wanaotafuta malakiti, mawe ya kijani yenye shaba, wajue: jiwe lile halipitishi umeme, ditekta inalipita kimya.

MamaKituku: Upande wa uwanja wa ndege kulipiganwa. Mlio mkubwa usiupige sururu, mwanangu. Mabomu ambayo hayakulipuka hayana namba yake kwenye kioo. Ita wanaotegua.

FundiHimbi: Mama amesema kweli. Na lava hapo ina unene gani?

MwanaBirere: Jirani alipochimba choo, ilimfika kichwani.

FundiHimbi: Basi usinunue hata moja. Gold Bug ni ya vitu vidogo vya juu, na ya mapigo yenye koili ya kawaida haifiki huko kwa bomba jembamba. Tafuta ncha ya bomba inayoonekana, ukodi mashini ya mafundi wa maji: inatia mawimbi kwenye bomba lenyewe, nawe unayafuata kwa juu.

MwanaBirere: Ncha iko kwa jirani. Ni ya chuma, nimeigonga sasa hivi.