Nyumba mpya ina kasoro: arekebishe muuzaji, apunguze bei, au nizuie sehemu ya hela?

Mnunuzi_Goba: Wakuu habari zenu. Nimepata nyumba mpya Goba, ya ghorofa moja, haijawahi kukaliwa. Nimeenda na fundi tukakuta mlango wa bafu haufungi, marumaru za sebuleni zingine ukigonga zinalia kama debe tupu, na kuna ufa ukutani. Muuzaji anasema nichague, arekebishe yeye kabla sijalipa au apunguze bei nikahangaike mwenyewe. Mwanasheria wangu kaja na la tatu, tuzuie sehemu ya hela mpaka amalize. Nyie mngeenda na ipi?

MamaTunu: Punguzo kaka. Huyo akili yake ipo kwenye kuuza, atakuletea fundi wa bei chee apake rangi juu ya ufa, masika ikishika unauona palepale. Hela ukiwa nayo fundi ni wako na vifaa unanunua mwenyewe.

fundi_tabata: Dada sikupingi, ila inategemea kasoro yenyewe. Mlango, rangi, hata marumaru, sawa chukua punguzo. Ufa ni habari nyingine. Vile vidogo vya kwenye lipu ni kawaida, lipu ikikauka inasinyaa. Ila ukikuta unatoka kona ya dirisha unashuka kimshazari na nje unaonekana vilevile, hapo shuku msingi umetitia, na punguzo linakuwa mtego maana gharama hujui itaishia wapi. Weka alama ya penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, rudi baada ya muda uone kama umevuka.

Kigamboni_Mjenzi: Mi naenda na mwanasheria. Kwenye mikataba ya ujenzi mbona ni kawaida, mwenye kazi anabaki na kama asilimia 5 mpaka 10 ya malipo hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe, kwanini mnunuzi asifanye hivyo? Ila iandikwe kwenye mkataba wa mauziano, kila kasoro na chumba chake na tarehe ya mwisho, na hela ishikwe na mwanasheria, asikae nayo muuzaji wala wewe. Halafu kabla hujasaini chochote ziba tundu la maji bafu la juu, mwaga maji sakafu yote ifunikwe, acha mpaka kesho yake ukaangalie dari ya chini. Bafu linalovuja huwezi kuliona kwa kuzunguka tu na tochi.

Mnunuzi_Goba: Asanteni sana. Fundi, ufa wangu ndo huo wa kona ya dirisha, na nje upo.

fundi_tabata: Basi usitoe hata shilingi kwanza. Tafuta injinia, hapo fundi hatoshi. Akisema ni msingi, muuzaji arekebishe kabla ya malipo na injinia wako awepo kazi ikifanyika. Akigoma achana nayo, nyumba Goba zipo.

MamaTunu: Kwa ufa huo nipo na fundi. Marumaru na mlango bado nasema punguzo, ila hesabu uweke na kung'oa za zamani na gari la kubeba kifusi, wauzaji wengi wanakupigia bei ya boksi la marumaru tu.