Mzamiaji mpya, likizo ya Agosti: Watamu, Nungwi, Pemba au Mafia?

mtoto_wa_bara
Wadau, habari za leo. Naomba ushauri wa mahali pa kuzamia. Cheti ni cha Open Water (ngazi ya kwanza), mwisho mita 18, na mbizi za baharini ni 4 tu, zote Diani mwezi Februari. Makazi Nairobi, likizo siku 8 katikati ya Agosti. Nimeelekezwa Pemba kwa ajili ya kuta za matumbawe, Mafia kwa ajili ya papa potwe (wale wakubwa, whale shark), na Watamu kwa kuwa ni karibu. Hewa yangu huisha kabla ya wenzangu, na sikio la kushoto hukawia kufunguka nikishuka. Niende wapi, na niulize nini kabla ya kulipa?

Fungu_la_Magharibi
Ndugu, kabla ya kutaja kisiwa tazama upepo. Agosti ni kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki na kuipiga pwani yote inayotazama bahari kuu, Watamu ikiwemo. Mawimbi hutibua mchanga, boti hupata shida kutoka, na baadhi ya vituo vya kuzamia hufungwa katikati ya mwaka. Watamu ni pazuri mno, lakini wakati wake ni kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Mafia kwa ajili ya potwe nayo iache kwa sasa. Potwe huonekana upande wa Kilindoni takriban Oktoba hadi Februari, na kwa kawaida hutazamwa kwa kuogelea juu na snokeli (mrija wa kupumulia). Mtungi hauhitajiki.

Pemba ndipo nitakapokukatalia kabisa, japo ni mahali pa kupendeza kuliko pengi. Ukuta hauna sakafu. Mzamiaji wa mbizi 4 akikosea hewa ya BCD (jaketi linalojazwa hewa ili uelee) kwenye mchanga wa mita 12, atagusa mchanga na kujirekebisha. Akikosea vivyo hivyo ukutani, ataendelea kushuka, na kadiri anavyoshuka ndivyo suti inavyobanwa na kuelea kunavyopungua, kwa hiyo kasi inaongezeka. Ongeza mikondo ya mfereji wa Pemba, utaona kwa nini watu huenda huko baada ya mbizi 30 au 40.

Kwa Agosti nenda Unguja, upande wa magharibi, maana kisiwa chenyewe kinakukinga na kusi. Mbele ya Mji Mkongwe kuna fungu la Pange, kina chake kama mita 14, chini mchanga, mkondo mdogo. Kuna Bawe, na kuna mabaki ya meli ya Great Northern, iliyokuwa ya kutandaza nyaya, ikazama mwaka 1902. Yamelala kama mita 12, kwa hiyo unapata muda mrefu wa kuyatazama. Ukipenda kukaa Nungwi au Kendwa, omba upelekwe upande wa Tumbatu. Mnemba iko kaskazini-mashariki: siku ya kusi kali safari ya boti inachosha, na ukiwa na kigegezi utaingia majini umeshaishiwa nguvu. Fungu la Leven Bank usikubali hata wakikubembeleza, kule mkondo ni wa wazoefu.

Bamvua
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila amesahau maji. Pwani yetu bahari hupanda na kushuka sana. Unguja wakati wa bamvua (maji makubwa) tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango kati ya mafungu. Wakati wa maji mafu tofauti hushuka hadi kama mita 1. Kwa mzamiaji mpya hizo ni bahari mbili.

Wavuvi huhesabu kwa mwezi mwandamo. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15, na maji mafu karibu na tarehe 8 na 22. Mara nyingi huchelewa siku moja mbili. Kwa hiyo likizo ya siku 8 ipange tarehe 8 au 22 iangukie katikati. Usifuate kalenda ya ofisi peke yake.

Kwa saa, chagua maji yanapomalizia kujaa hadi yanaposimama. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu na ni safi. Yanayokupwa yanabeba tope la mikoko na mchanga wa ufukweni, na huo ndio ukungu ambao watu huulaumu msimu. Kituo kikikuambia boti huondoka saa 3 asubuhi kila siku bila kujali maji, tafuta kingine.

mwalimu_wa_mapezi
Niongezee kuhusu hewa na sikio, maana ndiyo yatakayoharibu au kupendezesha safari.

Hewa ni hesabu. Mtungi wa alumini wa kawaida ni lita 11, ukijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,200. Toa bar 50 za akiba, zimebaki 1,650. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 40 kwenye mita 10, maana mgandamizo huko ni mara mbili, kwa hiyo ana dakika 41. Kwenye mita 18 atatumia 56, dakika 29 zimekwisha. Ndiyo maana mahali pa mita 10 hadi 12 panakufaa kuliko pale panapokulazimisha ufike 18. Umepata dakika 12 za bure, na rangi za matumbawe huko juu ni nzuri zaidi kwa kuwa mwanga haujapotea.

Sababu nyingine ya kumaliza hewa mapema ni risasi (vyuma vya uzito) nyingi kiunoni. Ukiwa na kilo 3 za ziada unajaza BCD ili uelee, mwili unalala mshazari, miguu chini, na kila pigo la pezi linakusukuma juu badala ya mbele. Pima siku ya kwanza: BCD tupu, pumzi ya kawaida umeishikilia, maji yawe usawa wa macho, ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kama kilo 2, kwani hewa utakayotumia ina uzito huo na mtungi wa alumini ukipungua huanza kuelea. Asiyeongeza hushindwa kukaa mita 5 kwa zile dakika 3 za kusimama kabla ya kutoka majini. Agosti maji ni kama nyuzi 25, vaa suti ya milimita 5, nayo huelea kuliko ile ya 3 uliyovaa Februari. Kwa hiyo usiwaambie tu kilo zilezile za Diani.

Sikio: anza kulisawazisha ukiwa bado juu, kisha kila nusu mita, kabla halijauma. Shuka miguu mbele ukishika kamba ya nanga. Likikataa, panda mita 1, meza mate, jaribu tena. Usilazimishe kwa nguvu, na ukiwa na mafua usizamie siku hiyo. Dawa ya kuzibua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa ndani wakati wa kupanda.

mtoto_wa_bara
Asanteni sana, Unguja basi. Ndege ya kurudi Nairobi ni saa 2 asubuhi. Naweza kuzamia jana yake mchana?

mwalimu_wa_mapezi
Hapana. Baada ya mbizi za siku kadhaa subiri angalau saa 18 kabla ya ndege, ili gesi iliyobaki mwilini itoke kabla hujapanda juu, na ukiacha saa 24 kamili ni bora zaidi. Ukimaliza saa 8 mchana, saa 2 asubuhi ni saa 18 kamili, huna hata dakika ya kupoteza boti ikichelewa. Siku ya mwisho iwe ya nchi kavu. Wa Nairobi wasisahau pia kwamba jiji liko zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo hata anayerudi kutoka Diani kwa treni anapanda mlima. Naye asubiri vilevile.

Kabla ya kulipa uliza haya: kiongozi mmoja ana wazamiaji wangapi (zaidi ya 4 kataa), oksijeni ipo botini au imebaki ofisini, na chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo iliyo karibu na inayofanya kazi ni ipi. Bima yako ya safari isome pia, nyingi hazigusi kuzamia mpaka ulipie nyongeza. Na omba mbizi ya kwanza iwe Pange.