Mrejesho: ile tamthilia ya Gogol tumeshaiigiza

Wadau habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza humu tamthilia ya "Mkaguzi Mkuu wa Serikali" ya Mrusi Nikolai Gogol tuiigizeje kwa watazamaji wa leo, mavazi ya 1836 ilipoigizwa mara ya kwanza au suti na simu, na lile tukio la kimya la mwisho likatwe au libaki. Asanteni sana aisee. Tumeiacha hukohuko Urusi, mji uleule mdogo, majina yaleyale, tumepunguza tu hotuba ndefu.

Kilichotuokoa ni ule ushauri kwamba Khlestakov, yule kijana mpita njia anayedhaniwa ni mkaguzi, asichezwe kama tapeli. Gogol mwenyewe aliumia sana onyesho la kwanza kule St. Petersburg mwigizaji alipomfanya mwongo wa kuchekesha basi, wakati yule kijana hajapanga kumdanganya mtu, ana njaa, yuko gesti anadaiwa, ni wakubwa wa mji na hofu zao ndo wanamgeuza mkaguzi. Kijana wetu alivyoanza kuila ile supu ya maji yenye manyoya yanaelea, analalamika huku anakula hadi tone la mwisho, ukumbi ukawa wake.

Sasa lile tukio la mwisho. Habari inaingia kwamba mkaguzi wa kweli kafika, na hapo Gogol anataka wote wagande karibu dakika moja na nusu na sisi tumeshikilia yote. Mwanzoni watu wanacheka, halafu kicheko kinakatika chenyewe, mkuu wa mji yuko katikati kama nguzo, mikono kaitanua, kichwa kakirudisha nyuma, nikasikia kiti kimoja tu kinalia huko nyuma. Machozi yalinitoka. Jumamosi tunarudia.