Naomba ushauri: natafuta asili ya bibi wa bibi yangu, Bagamoyo

Habari zenu wakuu. Bibi yangu ni mzee sana sasa na kabla kumbukumbu hazijampotea nataka nijue bibi yake yeye alitokea wapi, maana ukoo wote tunajiita Wazaramo ila yule mama inasemekana aliletwa Bagamoyo mtoto enzi za misafara ya watumwa akalelewa misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, ile iliyoanzishwa 1868, halafu akaolewa akaenda kulima mihogo shamba huko. Jina tunalo la ubatizo tu, Maria, na mnajua wenyewe akina Maria walivyojaa mle. Kitu pekee bibi anachokumbuka vizuri ni tundu kwenye mdomo wa juu, anasema alikuwa analiziba na kidole akicheka. Hiyo si alama ya ndonya kweli, kile kipande kinachovaliwa kwenye tundu la mdomo wa juu? Ndo nawaza huenda alikuwa Mmakonde, Mmakua au Myao, lakini wajomba hawataki hata kusikia, ukitaja utumwa wanabadilisha stori.

Sasa mwenye uzoefu anisaidie, nianze na vitabu vya ubatizo pale misheni au niende Nyaraka za Taifa Dar kwenye mafaili ya Mjerumani? Kijerumani sijui hata salamu. Na je, barua za uhuru walizopewa watumwa enzi hizo zinaandikwa kabila?