Naombeni ushauri: tasnifu, kwaya na mtoto wa miaka 3

Habari zenu wakuu. Nasoma masta jioni hapa Dar, mchana nafundisha sekondari, naishi Kimara. Nikishuka kwenye mwendokasi saa 4 usiku mwanangu kashalala. Juzi kamwambia bibi yake eti mama anakaa chuoni. Iliniuma.

Sura ya pili ya tasnifu msimamizi kairudisha mara ya tatu, imejaa wino mwekundu. Jumamosi kwaya, Jumapili vikao vya harusi za watu (michango sikwepi, ila vikao jamani!). Kwaya siachi, ndiyo pumzi yangu.

Mliomaliza huku mkifanya kazi na kulea, mlikuwa mnaandika saa ngapi? Alfajiri nimejaribu, nasinzia. Au niombe kuahirisha mwaka?